Kufuli la Mzinga

Cherehani haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa ikishona kama ilivyoshona miaka yote, mpaka asubuhi ile mume wa fundi alipoamka mikono ikimwasha, akaipindua juu ya meza na kuanza kufungua skrubu moja baada ya nyingine. Fundi aliporudi kutoka dukani na nyuzi zake alikuta vyuma vimepangwa juu ya gazeti, vimepakwa oili, na mumewe amepiga magoti mbele yavyo.

"Ilikuwa inapiga kelele," alijitetea.

"Cherehani inapiga kelele, baba. Ikinyamaza ndiyo imeharibika."

Ilirudishiwa vyuma vyake jioni, kikabaki kiskrubu kimoja ambacho hakuna aliyejua kilitoka wapi. Tangu hapo ikawa inaruka mishono kila ifikapo kwenye kona. Fundi hakugomba. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, akazimalizia kwa mkono, na kile kiskrubu akakitia ndani ya kopo lake la sindano, maana yeye hakuwa mtu wa kupoteza kitu. Sindano ikimdondoka sakafuni, nyumba nzima ilikuwa haikanyagi mpaka ionekane.

Mumewe mtaa mzima ulimwita Kiguu na Njia, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa dereva wa lori tangu ndevu hazijamtoka vizuri. Alibeba saruji, mbao, mbolea, vitanda vya hospitali, chochote chenye uzito na mtu wa kukipokea mbali. Nyumbani alifika Jumamosi, akalala kama gogo, akala, akawagawia watoto pipi, na Jumatatu watoto wakiamka waliikuta harufu ya dizeli kwenye taulo, mwenyewe hayupo. Binti yake wa kwanza, alipokuwa mdogo, aliwahi kuuliza mbele ya wageni, "Mama, huyu mjomba atalala tena leo?" Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Kiguu naye alicheka. Lakini maneno yale aliyabeba kwenye lori lake kila alikokwenda, na hakupata mahali pa kuyashusha.

Fundi, kwa upande wake, hakuwahi kumwambia mumewe abaki. Si kwamba hakutaka. Alikuwa na kiburi chake cha kimyakimya, na alikuwa na imani kwamba anayetaka kukaa haombwi. Kila Jumatatu alimfungia chakula cha njiani, akasema "Safari njema," akarudi kwenye cherehani yake. Alilea watoto, akaezeka nyumba, akamzika mama yake mwenyewe wiki ambayo mumewe alikuwa amekwama matopeni na mzigo wa watu. Hata hilo hakulisema.

Kisha lori likazeeka. Tajiri mwenye lori aliliuza kama chuma chakavu, akamwambia Kiguu apumzike kwanza mpaka lipatikane jingine. Kupumzika! Afadhali angemwambia aumwe.

Nyumba yao ilikuwa chini ya kilima, pale barabara inapoanza kupanda, na kila lori lililopita lilibadilisha gia hapo. Kiguu akiwa mezani na kikombe chake, mguu wa kushoto ulikuwa ukikanyaga klachi chini ya meza. Alijua ni lori la aina gani, limejaza kiasi gani, na kama aliyeshika usukani ni dereva au ni mtu tu. Alitengeneza mlango uliokuwa mzima, ukaanza kukwaruza. Akalegeza bomba ambalo halikuwa likivuja, likaanza kuvuja. Baada ya ile cherehani, Fundi alianza kumficha bisibisi.

Aliyemletea nyuki alikuwa mteja wa Fundi, mwanamke mrina asali mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye watu walimwita Mama Moshi. Siku moja alileta vazi lake la nyuki litiwe kiraka gotini. Alikaa akisubiri, huku akimtazama Kiguu anavyoingia na kutoka, anashika kitasa, anakiachia, anatazama paa, anatazama barabara.

"Fundi, huyu bwana ana nini?"

"Ana afya," Fundi akajibu.

"Basi mpe nyuki. Watamfunza adabu."

Ikaletwa mizinga miwili ya mbao, masanduku yenye mfuniko, ikasimamishwa mwisho wa kiwanja kwenye uzio, miguu yake ikiwa ndani ya makopo ya oili chafu ili siafu wasipande. Oili chafu ilikuwa mchango wa Kiguu, na aliuringia. Fundi alimshonea vazi jeupe lenye zipu mpaka shingoni na kofia yenye wavu. Mzinga mmoja uliingiwa na mijusi, wakazaana humo kwa raha zao. Wa pili ulipakwa nta ndani, na mikaratusi ya kilimani ilipochanua, kundi la nyuki likaja likakubali kuingia.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema uwafuate mpaka chumbani. Lakini dereva anayejua kazi yake haondoi gari kabla ya kufunua boneti: aone oili, aone maji, ashike mkanda kama umelegea. Kiguu alifanya hivyo kila asubuhi maisha yake yote, na sasa hakuwa na boneti. Alikuwa na mzinga. Basi kila kukicha alivaa lile vazi, akapuliza moshi, akainua mfuniko na kuchungulia.

"Unatafuta nini humo?" Fundi aliuliza akiwa dirishani.

"Naangalia tu."

Nyuki hawakupenda kuangaliwa tu. Walimuuma sikio, wakamuuma kope, na siku moja mmoja alipenya kwenye wavu akamuuma mdomo, ikawa Kiguu anaongea kama mtu aliyeficha kiazi shavuni. Mama Mkate, jirani yao mwoka mikate, alilalamika kwamba nyuki waliofukuzwa na moshi walikuwa wakihamia kwenye sukari yake. Kiguu akaweka karai la maji karibu na mzinga, na ndani yake akapanga kokoto ili nyuki wanywe bila kuzama. Huo ulikuwa ufundi mzuri, na sifa yake apewe. Lakini kesho yake aliinua mfuniko tena.

Ulipofika wakati wa kurina, alirina vyote. Mama Moshi alikuwa amemwonya awaachie nyuki sehemu yao, lakini dereva hashushi nusu ya mzigo. Alikata masega yote, yenye asali na yenye vitoto, akajaza ndoo, akaingia nazo jikoni akitembea kama mshindi. Alipoikamua ile asali na kuitazama kwenye mwanga, alikunja uso. Ilikuwa nzito, ina ukungu kama maji ya mto wakati wa mvua, na juu yake zilielea punje za chavua za manjano, vipande vya nta, na mguu mmoja wa nyuki. Kwake yeye hayo yalikuwa mafuta machafu, na mafuta machafu huua injini.

Akaiweka motoni, akaichemsha. Akaichuja kwa kitambaa cha Fundi, akaichuja tena, mpaka ikatoka safi na kung'aa, unaona kidole ng'ambo ya chupa. Alimwita Mama Mkate kwa fahari. Mama Mkate akachovya, akalamba, akachovya tena.

"Hii ni shira," alisema. "Asali iko wapi?"

Kiguu aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Hapo Fundi alinyanyuka bila haraka, akaenda kwenye rafu ya vitambaa, na nyuma ya marobota akatoa chupa moja aliyoificha kabla sufuria haijawekwa motoni.

"Hiyo ni chafu," Kiguu alisema.

"Onja huo uchafu."

Aliila na kipande cha mkate wa jirani ambao ulikuwa bado una joto. Kwanza ulikuja utamu, wa kawaida tu. Kisha chini ya utamu kukaja uchungu kidogo wa magome, halafu kitu puani, harufu ya kilima chao mvua inapokatika. Chavua ilisagika kwenye meno kama unga laini. Nta ilibaki mdomoni, akaitafuna polepole. Aliketi pale mpaka kipande kikaisha, akakata kingine, na baadaye tu ndipo alipong'amua kwamba malori yalikuwa yamepita kilimani na hajui yalikuwa yamebeba nini.

Mwonja asali haonji mara moja. Mama Mkate alisema, "Ikija nyingine kama hii, na uchafu wake wote, niwekee mimi kwanza." Akawaambia wateja wake, wateja wakawaambia wenzao, na mlango wa Fundi ukaanza kugongwa na watu wasiotaka sketi wala suruali. Walitaka ile yenye vumbi la maua. Kiguu alivaa vazi lake, akaenda kuwapa nyuki habari njema, akainua mfuniko. Hapakuwa na mtu. Walikuwa wamehama.

"Umewanyang'anya chakula chote," Mama Moshi alimwambia, "na kila siku unawavua nguo. Ungekuwa wewe ungebaki?"

Kundi la pili liliingia baada ya mvua. Kiguu alijiapiza kwamba hatawagusa, akavumilia kama mtu anayeacha sigara, kisha siku moja akainua mfuniko kidogo tu, kesho yake kidogo tena. Mazoea yana taabu. Kundi hilo halikusubiri hata masega yajae. Liliondoka mchana kweupe, wingu jeusi lenye kelele, likapita juu ya paa la nyumba, Fundi na binti yao aliyekuja kuwatembelea wakitazama, Mama Mkate akiwa kwenye uzio na unga mikononi. Na kama shetani alivyopanga, Kiguu alikuwa na simu sikioni, tajiri akimweleza kwamba amepata lori jipya.

Aibu ikimshika mwanamume hadharani, humtafutia maneno makubwa. Kiguu alisema, na simu ikiwa wazi, "Sikilizeni wote. Likija kundi jingine nalo likahama, na mimi nahama. Narudi barabarani."

Ulimi hauna mfupa. Mtu mwingine angelala na asubuhi akasema alikuwa anatania. Lakini Kiguu, katika maisha yale yote ya njiani, alikuwa na fahari moja tu, kwamba mzigo aliosema atafikisha ulifika. Tajiri alicheka kwenye simu. "Sawa mzee. Lori likifika nitapita. Kiti chako kipo."

Binti alimtazama mama yake. Fundi alisema, "Haya," akarudi kwenye cherehani, na cherehani ikaruka mshono kwenye kona.

Kundi la tatu lilikuja lenyewe, bila kubembelezwa. Safari hii Kiguu alinunua kufuli, akapiga komeo kwenye mfuniko, akafunga, na ufunguo akampelekea mkewe.

"Hata nikikupigia magoti, usinipe mpaka siku ya kurina."

Fundi aliutia kwenye kopo la sindano, kando ya kile kiskrubu, akafunika.

Basi Kiguu akawa hana la kufungua. Alichukua kigoda, akakiweka hatua chache kutoka kwenye mzinga, akakaa. Siku za kwanza zilikuwa za mateso. Alikaa, akasimama, akazunguka uzio, akaongeza maji kwenye karai ambalo lilikuwa limejaa, akakaa tena. Mguu ulikanyaga klachi kwenye majani mpaka ukachimba kishimo. Lakini mtu akikaa mahali pamoja muda mrefu huanza kusikia, na Kiguu alianza kusikia nyumba yake. Alisikia kwamba mkewe huongea na vitambaa. "Kaa sawa wewe," aliviambia. "Unakwenda wapi na huo ukosi?" Alisikia kwamba alikuwa na kicheko kidogo cha peke yake, cha kupitia puani, na kwamba alikunywa chai bila sukari. Miaka yote Kiguu alikuwa akimletea sukari. Jioni walikula mkate na ile chupa iliyofichwa, kidogokidogo, wakigombania nta ya chini. Wakati mwingine hawakuongea. Kiguu hakuwa amejua kwamba watu wawili wanaweza kunyamaza mezani bila mmoja wao kuwa amechukia.

Jambo moja tu lilimshinda kuacha. Dereva hamwulizi mtu hali ya tairi. Huchukua chuma, hugonga, na tairi lenyewe hujibu. Kila asubuhi Kiguu alipofika kwenye mzinga aligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, akaweka sikio. Ndani kulijibu mvumo, ukapanda, ukashuka. Akiusikia tu, roho yake ilitulia mpaka mchana. Kufungua alikuwa hafungui, alijiambia. Kubisha hodi si kufungua.

Kiangazi kikaja. Maua ya mikaratusi yakaisha, majani yakakauka kwenye uzio, na nyuki wakawa wanarudi miguu mitupu, bila chavua. Kiguu alizidi kubisha. Wasiwasi ulikuwa unamla; mara nyingine alibisha asubuhi na jioni, na mvumo ulipojibu alisikia ndani ya mvumo huo hasira ambayo haikuwepo zamani. Na kuna asubuhi moja aliyobisha, ko, ko, ko, akaweka sikio, na mzinga haukujibu.

Alibisha tena. Akabisha kwa kiganja. Palikuwa na harufu ya nta tu, na siafu mmoja aliyekuwa akipimapima ukingo wa kopo la oili.

Kiguu alikaa kwenye kigoda. Aliogopa. Aliwahi kukatikiwa breki kwenye mteremko na hakuogopa namna ile. Barabarani lori lilibadilisha gia, mguu wake ukakanyaga, na akauchukia mguu huo. Hakutaka kwenda. Ndiyo hivyo tu, hakutaka kwenda popote. Alitaka kukaa pale asikie mtu anagombana na ukosi wa shati. Lakini neno alikuwa amelitoa mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mke, binti, jirani na tajiri, na maji yakimwagika hayazoleki.

Aliingia ndani kunywa chai.

"Wanaendeleaje?" Fundi aliuliza, uso ukiwa kwenye pindo la gauni.

"Wamechangamka," Kiguu alisema.

"Haya."

Tangu siku hiyo alifanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, kuulinda mzinga mtupu. Kila asubuhi alikwenda kwenye kigoda. Alibadilisha maji kwenye karai. Alikuwepo wakati nyuki wachache wa kwingine walipokuja kukomba mabaki, akawashukuru kimoyomoyo kwa kuonekana. Hakubisha tena, hakuweza kuuvumilia ule ukimya. Mama Moshi alipotuma salamu kwamba yuko mbali anarina kwa watu na Kiguu sasa anaweza kurina mwenyewe, Kiguu alimshukuru Mungu, kisha akaona aibu kumwingiza Mungu kwenye jambo kama hilo. Usiku alijigeuza kitandani kama samaki nchi kavu. Alijiambia kesho atasema, na kesho ilipokuja Fundi alikuwa anaongea na zipu, naye akasema keshokutwa.

Siku ya kurina ikafika hata hivyo, Jumamosi. Binti alikuja na chupa tupu za kutosha duka zima, amezifunga kwenye shuka zisigongane. Mama Mkate alituma mkate mkubwa wa kuionjea. Na jua lilipoanza kupoa, honi ilipigwa barabarani, honi mpya, nene, ya kujisifu. Tajiri alikuwa ameshuka kwenye lori jekundu ambalo matairi yake bado yalikuwa na vile vinywele vya mpira vya kiwandani.

"Nimekuja asali niionje," alisema, akicheka, "na dereva nijue kama ninaye."

Kiguu alilitazama lile lori. Tusidanganyane, lilikuwa zuri. Vidole vyake vilijikunja vyenyewe kuushika usukani. Halafu alitazama dirisha la nyumba, mkewe akiwa ameinama juu ya cherehani.

Alivaa vazi lake jeupe, akavuta zipu mpaka shingoni, ingawa alijua hakuna wa kumuuma. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini yeye aliona afadhali avuliwe akiwa amevaa. Akawasha kopo la moshi. Akaenda dirishani.

"Mama watoto, lete ufunguo."

Fundi hakuinua uso. Alikuwa akipitisha kitambaa chini ya sindano, kona ngumu, ile inayoruka.

"Umepotea," alisema.

Binti aliacha kufungua shuka la chupa. "Umepotea? Wewe, mama?"

"Mimi si mtu? Vitu vya watu hupotea."

Tajiri alicheka. "Hilo nalo ni tatizo? Kufuli lenyewe kama la sanduku la mtoto wa shule. Nina mtaimbo kwenye lori, tunalivunja mara moja."

Alikuwa ameshageuka kwenda. Cherehani ikasimama. Fundi alitoka nje, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akasimama kati ya tajiri na uzio. Alikuwa mwanamke mfupi, na tajiri ilimbidi ainamishe kichwa.

"Kufuli nimekabidhiwa mimi, shemeji," alisema. "Halivunjwi. Ufunguo ukionekana tutakuita."

"Utaonekana lini?"

"Nikianza kuutafuta."

Tajiri alimtazama Kiguu apate msaada. Kiguu alikuwa amesimama ndani ya vazi lake jeupe, moshi unamtoka mkononi. "Mzee, mimi nina mzigo unangoja," tajiri alisema. "Siwezi kuweka lori nisubiri ufunguo."

"Kweli huwezi," Fundi alisema. "Safari njema."

Lori jekundu liliondoka. Binti, ambaye hakuwa mjinga, alichukua mkate akaingia nao jikoni na kuanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Kiguu alivua kofia yenye wavu. Uso ulikuwa umelowa jasho. "Mama watoto," alianza, "hao nyuki..."

"Uliacha kubisha hodi," Fundi alisema.

Kiguu aliliweka chini kopo la moshi.

"Kila asubuhi nakusikia. Ko, ko, ko. Nikisikia hivyo ndipo natia uzi. Siku moja ukabisha, ukabisha tena kwa nguvu, halafu kesho yake kimya, na keshokutwa kimya. Mtu haachi kubisha hodi penye wenyewe, baba."

"Ulijua siku zote hizo?"

"Na wewe ukaja ukaniambia wamechangamka."

"Nilitoa neno," Kiguu alisema, na sauti ilimtoka vibaya. "Mbele ya watu."

"Ulilitoa. Mimi nilikuomba neno?" Fundi alikuwa akikunja na kukunjua ile futi. "Sijakuomba kitu mimi. Tangu unioe sijakuomba."

Hakuendelea. Aligeuka akarudi ndani, akakaa, akajaribu kuendesha cherehani, sindano ikavunjika. Kiguu alimfuata na vazi lake la nyuki, akasimama karibu na meza. Fundi alivuta kopo lake, akalifunua atafute sindano nyingine. Ufunguo ulikuwa juu kabisa, unang'aa kati ya sindano na kile kiskrubu. Wote wawili waliuona. Kule kilimani lori jekundu lilikuwa likipanda, likabadilisha gia, na mguu wa kushoto wa Kiguu ukakanyaga sakafu.

Fundi aliutazama ule mguu. Akachagua sindano yake, akarudisha kifuniko, akakibana kwa kiganja.

"Bado sijauona," alisema.

Kiguu alivuta kiti, akaketi.